Mcheza kwao hutunzwa: na goti lake je?

Mwaka wa kumi na moja huu nacheza ngoma kwa malipo, Berlin. Nasema ngoma, ingawa mikataba yangu imeandikwa neno linalogusa viungo vya mwili peke yake. Neno letu limebeba zaidi. Ngoma ni kile chombo kilichowambwa ngozi, ni wimbo wake, ni uchezaji wake, na ni shughuli yenyewe iliyokusanya watu. Ukisema jana kulikuwa na ngoma Magomeni, hakuna atakayekuuliza kama ulikuwa mchezaji au mtazamaji.

Nimezaliwa Bagamoyo. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshapotea mara mbili kwa kufuata mdundiko. Wanaoujua mdundiko wa Wazaramo watanielewa: haukai mahali pamoja, unatembea na njia. Unapita mbele ya nyumba yenu, mtoto anaacha sahani ya wali, anaunga msafara, akija kushtuka yuko mtaa asioujua na giza limeshaingia. Mama alinichapa mara zote mbili. Mara ya pili, alipomaliza kunichapa, akaniuliza walikuwa wanaimba nini.

Huko njiani ndiko nilikoanza kujifunza, kabla ya chuo chochote. Siku moja, kwenye ngoma ya kumtoa mwali, bega langu lilikuwa halifuati mdundo. Bibi mmoja akainuka mkekani, akakaza kibwebwe, akaingia duarani, akacheza mbele yangu uso kwa uso mpaka bega langu likalielewa lake. Hakusema neno. Akarudi kukaa.

Huku Berlin tunafundishana mbele ya kioo. Ukuta mzima ni kioo, na kila mtu anajitazama mwenyewe. Nilipowafundisha wenzangu bugobogobo, swali la kwanza lilikuwa jembe linapanda kwenye hesabu ya ngapi kati ya nane. Niliwapa hesabu, maana ndiyo kazi niliyoitiwa. Lakini ngoma ile ya Wasukuma imetoka kwenye kulima kwa pamoja. Jembe lako linapanda kwa sababu la jirani yako linapanda. Nilieleza hivyo pia, na naamini wawili watatu walinielewa, kwa sababu waliacha kutazama kioo.

Usiku wa onyesho, watu 400 walikaa gizani kimya kabisa. Nilicheza nikidhani tumewaudhi. Mwishoni wakapiga makofi mpaka tukarudi jukwaani mara nne, na mimi nikaenda kulia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Heshima waliyonipa ilikuwa kubwa, nakiri. Ila nilikuwa nimezoea kigelegele kinachokuja katikati ya hatua na kuniambia endelea, hapo hapo. Nilizoea mtu ainuke anibandike noti kwenye paji la uso, naye acheze kidogo kabla hajarudi kwenye kiti chake.

Wengi wetu tulio nje tungeishia hapa: kwa wenzetu kuna pesa, kwetu kuna roho. Sikubali, kwa sababu ya goti.

Mwaka 2019 goti langu la kushoto lilivimba nikashindwa kushuka ngazi. Nilitibiwa, nikafanyishwa mazoezi ya viungo wiki kwa wiki, nikarudi kazini. Ujerumani ina sheria iliyopitishwa 1981 na kuanza kutumika 1983, inayomwingiza msanii anayejitegemea kwenye bima ya afya na pensheni. Yeye analipa kama nusu ya mchango. Nusu nyingine inatoka serikalini na kwa wale wanaotumia kazi za wasanii. Kila nikiukumbuka mwaka huo moyo unaniuma, kwani 1981 ndio mwaka kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 tunakiita TaSUBa. Mwaka mmoja, wao wakaandika sheria ya kumlinda msanii, sisi tukajenga mahali pa kumlea. Vyote viwili vinahitajika.

Nina mwenzangu tuliyesoma naye, mchezaji aliyenizidi kwa kila kitu. Sindimba akiicheza yeye, wapiga ngoma wenyewe walikuwa wakimfuata. Goti lake lilienda kwenye sherehe ya kumpokea mgeni fulani. Walicheza saa mbili juani, juu ya saruji, wakisubiri msafara uliochelewa. Meza kuu ilikuwa chini ya hema. Malipo yalikuwa nauli na soda. Leo anakaanga samaki ufukweni.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema ughaibuni umeitenga ngoma na watu. Meza kuu nayo imeitenga. Wageni wamekaa kivulini wanatazama, hawaitikii, hawaingii duarani, na tofauti na wale 400 wa gizani, hawakukata hata tiketi. Tukiitaka ngoma iwe onyesho, tuilipe kama onyesho: malipo ya kikundi yaandikwe kwenye bajeti kabla ya mahema na viti, na maji na kivuli viwe haki ya mchezaji pia. Tukiitaka iwe ngoma, basi tuinuke sote. Anayemwita mchezaji mhuni siku ya posa na kumwita utamaduni wetu siku ya mgeni anachukua bila kutoa.

Likizo iliyopita mdundiko ulipita jirani na anapokaangia samaki, nami nilikuwa nimeketi kwenye ndoo nikipiga naye soga. Akaacha karai. Akasimama, goti akalipumzisha, akacheza kwa mabega peke yake. Nimeona majukwaa mengi; sijaona mabega kama yale. Msafara ukasimama ukamzunguka, kina mama wakapiga vigelegele. Nikatoa noti ya elfu kumi nikambandika usoni, nikicheza naye.

Tulipokaa akaikunja ile noti polepole, akaiweka mfukoni.

"Dada," akasema, "hii ya leo nimepokea. Ya goti bado naidai."