Hiyo grisi ilikuwa ndiyo sarafu yenyewe

Jamaa mmoja, mkusanyaji kama mimi wa sarafu zilizotoka kiwandani na makosa ya uchapaji, kanionyesha picha mbili wiki hii, ya kabla na ya baada, na furaha imemjaa usoni. Kabla: kuna herufi ya ziada imejichapa mahali isipotakiwa, na ndani yake kuna kitu cheusi, kigumu kama lami. Baada: sarafu safi, inang'aa, herufi imebaki kishimo kitupu. Kalipa hela nzuri mtaalamu amtolee kile cheusi. Nilishindwa kumjibu, na bado naumia kwa niaba ya ile sarafu.

Maana ile haikuwa taka jamani. Grisi na vumbi la chuma vinajaa kwenye herufi iliyochongwa ndani ya muhuri (kile chuma kinachoipiga sarafu chapa), vinashindiliwa pigo baada ya pigo mpaka vinakuwa kigumu, halafu siku moja kile kipande kinachomoka, kinaangukia sarafu inayokuja na kupigwa chapa pamoja nayo. Vingi vinadondoka baadaye na kuacha alama tu. Ikikutwa sarafu bado imeshikilia kipande chenyewe, hiyo ni adimu, unayo alama na kilichoiacha vyote pamoja. Sasa mtu anaiosha!

Hoja yangu kubwa ni hii na ningeomba isomwe polepole. Mtaalamu akipokea sarafu ya kawaida anajua anaelekea wapi, kwa sababu ziko nyingine mamilioni za mwaka uleule na muundo uleule, anajua mng'ao ulivyo, anajua uso unatakiwa uweje, kwa hiyo akitoa uchafu ana kipimo cha kusimamia. Sarafu yenye kosa la namna hii kipimo hicho haina. Ilitoka kiwandani peke yake ikiwa hivyo, hakuna pacha wa kulinganisha, kwa hiyo anayekuambia anairudisha ilivyokuwa anakisia, na akikosea hakuna wa kumsahihisha maana ushahidi umeenda na maji. Uzi uliobanwa kwenye chapa, kipande cha waya, unyuzi wa kitambaa, vyote hivi kwa jicho lililozoea sarafu za kawaida ni uchafu. Kwa jicho letu hicho ndicho tulichonunua.

Chukua zile za Marekani za robo dola zilizokosa tabaka la nje upande mmoja, zile ambazo upande huo shaba iko wazi. Matapeli wanazitengeneza kwa asidi, wanakula tabaka mpaka shaba itokeze. Ndiyo, mizani inasaidia, robo nzima ni gramu 5.67 na iliyokosa tabaka lazima ipungue, lakini asidi nayo inapunguza uzito, kwa hiyo unarudi kwenye uso: shaba iliyozeeka taratibu, rangi imeshika mpaka kwenye vikona vya herufi, chapa kali. Ukiichovya kwenye dawa ikatoka ya pinki kila mahali, umeifanya ya kweli ifanane na ya tapeli, halafu unategemea mnunuzi akuamini kwa maneno.

Zile zinazobanduka magamba kwa sababu ya chuma kuchanganyika vibaya, sitaki hata kusikia habari za beseni la kusafishia kwa mawimbi ya sauti. Gamba likitoka halirudi.

Haya, nikubali ninayolazimika kukubali. PVC, ile plastiki ya vifuko laini, ni adui. Ule utelezi wa kijani unaotokana na vifuko vya plastiki laini unatoa asidi na unakula chuma kila siku unayosubiri, hapo hakuna cha kusema tuache historia yake, itolewe, na asetoni safi inaitoa bila kugusa chuma (asetoni safi nasema, siyo dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta ndani). Shaba inayoota unga wa kijani na kuzidi kuchimbika nayo ipelekwe kwa mtu anayejua. Tena wapo wanaojua kweli: NCS, kampuni ya kusafisha na kuhifadhi sarafu, ndugu wa NGC wanaothibitisha sarafu na kuzipa daraja, wanaikagua sarafu kwanza na wanaweza kukuambia hii haitafaidika, ichukue ilivyo. Hilo nawaheshimu.

Na makosa yaliyomo kwenye muhuri wenyewe, kama senti ya Marekani ya 1955 yenye maandishi mawilimawili, hayafutiki kwa kuoshwa. Rangi ya shaba yake unaweza kuiua ila kosa litabaki. Gharama siongelei, kila mtu na mfuko wake.

Ninachoomba kwa wanaopeleka sarafu kusafishwa: andika kwenye fomu, kwa maneno yako, kosa ni nini na liko wapi, na kipi kisiguswe. Ambatisha picha ya karibu. "Kitu cheusi kilichoko kwenye herufi ni sehemu ya kosa, kisitolewe." Sentensi moja tu. Wakikwambia hawawezi kuahidi hilo, irudishe nyumbani kama ilivyo, iweke kwenye kifuko kisicho na PVC, mahali pakavu. Na nyinyi mnaopokea hizi kazi, muulizeni mwenye sarafu kabla hamjafungua chupa. Yule jamaa yangu hakuulizwa.