Swali la nesi lililomuumbua mzee wangu

Mzee wangu ana presha, huu mwaka wa sita. Kila tarehe ya kliniki tunashuka nae kutoka Marangu, Noah mpaka Moshi mjini, na kila tukifika mashine inasoma 170 na kitu. Daktari anaangalia karatasi, anaongeza dawa, haya mwingine aingie. Dawa zikafika aina tatu na presha haisikii.

Mwezi wa saba, kile kibaridi mnakijua, tukamkuta nesi mpya, binti mdogo tu. Mzee anahema, anampa mkono juu ya sweta kama alivyozoea. Nesi akakataa, baba vua sweta, egemea kiti, usipishanishe miguu, pumzika dakika tano ndo nikupime. Huko nyuma watu wakaanza kuguna foleni haiendi. Kumbe ndo inavyotakiwa, mtu ukimpima anahema au kile kitambaa cha mashine wanachokufunga kikiwa kidogo kwa mkono wake namba zinadanganya.

Ikashuka kidogo ila bado ipo juu. Ndo akauliza, "Baba, leo dawa umemeza saa ngapi?"

Mzee kimya. Akaniangalia mimi. Mwisho akasema taratibu kwamba akiwa na safari hamezi, maana kuna moja inamkojoza na konda wa Noah hasimamishi gari kwa mkojo wa mtu mmoja. Jumapili hamezi, ibada ndefu. Siku za soko hamezi. Na hajui ni ipi kati ya zile tatu, zote kazimwaga kwenye kikopo kimoja, kwahiyo anaacha zote. Yaani tulikua tunampima mtu ambaye hajameza dawa halafu tunamuongezea dawa!

Nesi akaenda kuongea na daktari, ile ya kukojoza siku ya safari anameza akirudi nyumbani, basi.

Sisi nesi tunamuona mtu wa kutupeleka kwa daktari tu. Lakini presha haiumi, moyo unasukuma kwa nguvu miaka na miaka, msuli unanenepa, baadae unachoka, na ukishachoka ndo mnaanza kuchangishana nauli ya kwenda hosptali ya moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Kabla ya hapo kinachohitajika ni mtu wa kukuuliza umekula nini na dawa umemeza lini. Hata ambae moyo umeshachoka, nesi ndo anamfundisha kupanda mzani kila asubuhi, kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu hayo ni maji sio kunenepa, rudi hosptali.

Kinachoniudhi ni kwamba ile meza ya presha iko kwenye korido. Mzee wa miaka 71 anaulizwa habari za mkojo na benchi zima linasikiliza, wamo na akina mama wa jumuiya yake. Siku ile alijibu kwa sababu kulikua na mtoto analia.