Diploma ya IB: upana wake unamlipa nani?

Mjadala kuhusu Diploma ya IB (International Baccalaureate), programu ya miaka miwili ya sekondari ya juu iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968, hukwama kwenye swali la kama ni ngumu kuliko mitaala mingine. Mzazi hapati msaada hapo. Afadhali ajue ugumu wenyewe umekaa wapi, kwa sababu mara nyingi hauko kwenye mitihani anayoiogopa.

Mwanafunzi hubeba masomo sita: fasihi ya lugha anayoimudu, lugha nyingine, somo la jamii, sayansi, hisabati, na sanaa au somo jingine badala yake. Matatu kwa kawaida husomwa ngazi ya juu, saa 240 kila moja. Mengine ngazi ya kawaida, saa 150. Kila somo hupewa alama 1 hadi 7. Juu yake kuna Nadharia ya Maarifa, somo la kuhoji tunajuaje tunachokijua, na insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, ambazo kwa pamoja huongeza hadi alama 3 na kufikisha kilele cha 45. Zipo pia shughuli za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii: hazina alama, lakini asiyezikamilisha hapati diploma.

Hoja kubwa ya wanaoitetea ni hiyo insha, na hapo wana haki. Kijana wa miaka 17 anatunga swali lake, anatafuta vyanzo, anavinukuu ipasavyo na kujibu kwa hoja, huku msimamizi akimwongoza bila kumwandikia. Mwanafunzi aliyepitia kazi hiyo haogopi ripoti ya kwanza ya chuo kikuu. Upana nao una faida kwa ambaye bado hajajua anataka kuwa nani: hafungi mlango wa sayansi wala wa lugha akiwa na miaka 16.

Lakini upana huohuo humuumiza mwenye kipaji kimoja. Katika mtaala wa A-level wa Uingereza, aliyebobea kwenye hisabati na fizikia huchagua masomo matatu hivi na kuachana na lugha. Kwenye IB lugha inamfuata hadi chumba cha mtihani, na alama 3 aliyoipata huko inaingia kwenye jumla kwa uzito uleule wa 7 ya fizikia. Simwoni mwanafunzi huyo kuwa dhaifu. Programu haikushonwa kwa kipimo chake.

Wengi huangushwa na kalenda. Karibu kila somo lina kazi ya ndani, inayosahihishwa na mwalimu wa shule: ripoti ya uchunguzi katika sayansi, andiko la kihisabati, mtihani wa mdomo katika lugha. Kwenye hisabati na sayansi kazi hiyo ni asilimia 20 ya alama ya mwisho. Shule isipozitawanya, zote hurundikana mwanzoni mwa mwaka wa pili, wakati uleule wa rasimu ya insha na maombi ya vyuo. Dawa ni kumaliza rasimu kamili ya insha kabla mwaka wa pili haujaanza, na kupanga tarehe za kazi za ndani kwa kupishana. Ripoti za sayansi nazo huharibika mapema, pale swali linapokuwa pana mno. Badilisha kitu kimoja tu, kwa viwango vitano angalau, urudie kila kipimo mara tatu au zaidi. Pungufu ya hapo, grafu haitakuwa na la kusema.

Mtego mwingine ni kudhani kwamba alama 24 zinatosha. Ndicho kiwango cha chini, ila kina masharti. Chukua aliyepata 4, 4 na 3 ngazi ya juu, kisha 6, 5 na 5 ngazi ya kawaida. Jumla ni 27, na diploma hana, kwa kuwa ngazi ya juu pekee inadai alama 12 naye ana 11. Alama E kwenye insha au Nadharia ya Maarifa, ambazo hupimwa kwa herufi A hadi E, huleta matokeo hayohayo, hata kama masomo mengine yanang'ara.

Kwa hiyo masomo ya ngazi ya juu yachaguliwe kwa kuanzia mlango wa chuo na kurudi nyuma. Vyuo vingi vya Uingereza hutaja jumla ya alama na pia alama za ngazi ya juu, kwa mfano 6, 6 na 5. Anayelenga udaktari kwa kawaida huhitaji kemia ngazi ya juu, mara nyingi pamoja na biolojia. Hisabati zipo za aina mbili, ya uchanganuzi na ya matumizi, na kozi nyingi za uhandisi hutaka ile ya kwanza. Kuhamia huko katikati ya safari ni kazi nzito, maana mada za mwanzo zimeshapita.

Kuna njia ya kati ambayo familia nyingi hazielezwi: kusoma baadhi ya masomo ya IB na kupata matokeo ya kila moja, bila diploma nzima. Baadhi ya vyuo huyapokea, vingine hukataa. Jibu hilo lipatikane kwa maandishi kutoka ofisi ya udahili kabla ya fomu ya masomo kujazwa.