Makao ya wazee Mombasa: barabara kuu si adui, ila tazama upande

Ukitaja makao ya wazee na barabara kuu kwa pamoja, watu wengi Mombasa hukata shauri kabla hujamaliza kusema. Mzee anataka utulivu, mpelekeni mbali na honi za matatu na trela za kontena. Ploti za barabarani waachieni wenye maduka, gesti na vituo vya petroli. Hoja hii ina huruma ndani yake, na labda ndiyo sababu hupita kwenye mikutano ya mipango bila kuulizwa swali hata moja. Wale wanaotaka wazee wakae karibu na barabara huonekana watu wasio na utu, au madalali waliojificha nyuma ya wazee. Naona hawajasikilizwa sawasawa.

Wanaopinga wana haki yao. Barabara ya Nairobi, kutoka Changamwe kupitia Mikindani na Jomvu hadi Miritini, inabeba mizigo ya bandari usiku na mchana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza kelele za magari zisizidi desibeli 45 usiku, na anayelala chumba kilichotazamana na barabara hiyo hahitaji kipimo kujua kiwango hicho kimepitwa. Moshi wa dizeli kwa mtu wa miaka 75 mwenye pumu si jambo la mzaha. Kisha kuna akiba ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, ambayo watu huinyemelea kidogo kidogo: leo kibanda, kesho ghorofa, kesho kutwa alama ya X ukutani, ya kubomolewa. Hakuna anayetaka mzee aamkie alama hiyo.

Lakini huko mbali ni wapi? Ardhi ya bei nafuu katika kaunti hii iko pembezoni, kama Mwakirunge ambako taka za mji hupelekwa, au ndani kabisa upande wa Likoni. Ukijenga huko, binti anayefanya kazi mjini atapanda matatu hadi stejini, kisha atafute bodaboda ya kumwingiza ndani, na arudi vivyo hivyo giza likiingia. Mwezi wa kwanza atakuja kila Jumapili. Ikifika mwezi wa nne atakuwa anatuma pesa kwa simu. Sidhani hapo atakuwa amemtupa mzazi. Ni mahali palipochaguliwa ndipo palipomshinda.

Na mzee mwenyewe akitaka kutoka? Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30, unapata shilingi 66 na senti. Humo mtoe chai, sabuni na dawa isiyopatikana hospitali ya serikali, halafu umwambie alipe bodaboda kila anapokwenda kliniki ya presha. Ibara ya 57 ya Katiba inataja matunzo na heshima kwa wazee, na wapangaji hupenda kunukuu hapo. Jambo la kwanza katika orodha hiyo, hata hivyo, ni haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Mtu hashiriki mambo ya jamii akiwa kilomita tatu ndani ya vichaka.

Pita Kongowea au Bombolulu baada ya Alasiri utazame vibaraza vya maduka. Wazee wamekaa na vikombe vya kahawa na kashata, wanatoa hukumu juu ya kila dereva anayesimama vibaya, wanajua nani kafiwa na nani kaposa. Hakuna aliyewalazimisha kukaa karibu na zogo. (Wapo pia wanaolilalamikia zogo hilo kila siku, na kesho yake wamerudi palepale.)

Kwangu mimi, swali zito kuliko umbali ni hili: upande gani wa barabara? Sijasikia likipewa nafasi yake. Ramani huonyesha kiwanja kiko karibu na zahanati, msikiti na soko, na watu wanaridhika. Haionyeshi kwamba zahanati iko ng'ambo.

Tupige hesabu. Barabara ya njia mbili kila upande ina upana wa takriban mita 7 kwa upande mmoja. Wahandisi wa taa za barabarani wamezoea kukadiria kwamba mtu huvuka kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Utafiti wa wazee nchini Uingereza ulionyesha wengi hawafikii mwendo huo. Wastani ulikuwa kama mita 0.9 kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Basi bibi anayekwenda mita 0.8 anahitaji karibu sekunde 9 kumaliza upande mmoja. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 200 katika sekunde hizo tisa. Yaani anapoinua mguu, gari litakalompata liko mbali kiasi kwamba macho yenye mtoto wa jicho hayalioni. Halafu bado upande wa pili. Wanaotembea kwa miguu ni zaidi ya theluthi ya wanaokufa barabarani nchini Kenya.

Jibu la haraka ni daraja la miguu. Daraja lazima liinuke zaidi ya mita 5 ili malori yapite chini. Kwa ngazi za sentimita 15, hizo ni zaidi ya 33 kupanda na nyingine kama hizo kushuka, katika joto letu hili la pwani. Ukiweka mteremko wa kiti cha magurudumu wa mita moja kwa kila 12, unapata njia ya zaidi ya mita 60 kila upande. Kijana mwenye mkoba atapita. Mwenye magoti mabovu atatazama juu, kisha atavuka chini.

Kwa hiyo utulivu na ukaribu si lazima vigombane. Moshi wa magari hupungua sana ndani ya mita 150 hadi 200 kutoka barabarani, na safu ya majengo ya mbele hukinga kelele nyingi. Mita 200 kwa mwendo wa bibi yetu ni dakika nne na ushei. Makao yakiwa nyuma ya safu ya maduka, ndani ya umbali huo, upande uleule wa zahanati na steji ya kwenda mjini, mengi wanayoyaogopa wapinzani yamepunguzwa na mzee bado yumo mjini. Kwenye barabara ya Malindi hili linawezekana. Kwenye barabara ya Nairobi, pale malori ya bandari yanapopanga foleni, ningekubaliana na wapinzani bila kusita.

Kuna hatari ambayo pande zote mbili zinaipita. Ardhi ya kando ya barabara ikiruhusiwa maghorofa, bei hupanda, na Mombasa ina wazee wengi wenye nyumba bila ardhi: nyumba ya Kiswahili ni yake, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine anayelipwa ijara. Chumba kimoja analala, vilivyobaki anapangisha, na kodi hiyo ndiyo pensheni yake. Mwenye ardhi akiitaka ploti yake, mzee anapoteza makao na kipato siku moja. Haitakuwa na maana kaunti imjengee chumba baada ya ramani yake yenyewe kumwondoa alipokuwa akijitegemea.

Ardhi ya kuanzia ipo. Mitaa ya zamani ya kaunti, kama Khadija, tayari iko karibu na barabara, na imekuwa kwenye mipango ya kujengwa upya kwa miaka. Shida ni kwamba katika majengo mapya ghorofa ya chini huwa ya maduka, na mzee hupelekwa juu, kwa lifti inayosimama stima ikipotea. Mwekezaji atasema maduka ndiyo yanayolipa mkopo, na hadanganyi. Basi achukue safu ya mbele yote. Ghorofa ya chini ya majengo ya nyuma itengewe wazee, na iandikwe kwenye mkataba kabla zege halijamwagwa, pamoja na nani atakayelipa pengo la kodi, yaani tofauti kati ya anayolipa mzee na ambayo mpangaji mwingine angelipa. Nikiulizwa, nitasema kaunti, kwa sababu ardhi ni yake na inaitoa kwa mwekezaji kwa masharti inayoyaweka yenyewe.