Kiangazi hiki, mtoto apewe kipande kimoja cha ardhi

Wazazi tunaofundisha watoto nyumbani huwa tunagawanyika kiangazi kinapoingia. Wapo wanaofunga madaftari mpaka muhula mpya, na wapo wanaojaza ratiba ya matembezi: leo msituni, kesho ziwani, keshokutwa bustani ya wanyama. Sikubaliani na upande wowote. Ninavyoona mimi, mtoto apewe mahali pamoja padogo, hata pawe na ukubwa wa mkeka tu, naye aparudie karibu kila siku mpaka joto lipungue.

Apitaye mara moja huona majani mabichi, basi. Anayerudi ndiye anayegundua kwamba jani lililokuwa zima jana leo lina matundu. Akiligeuza, anakuta kiwavi amejibanza upande wa chini. Siku zinapita, kiwavi ananenepa, anajivua ngozi, anazidi kula. Halafu asubuhi moja hayupo. Kaenda wapi? Kaliwa na ndege, au kajificha ajigeuze? Hakuna mwalimu aliyeuliza swali hilo. Limemtoka mtoto mwenyewe, na atalitafutia jibu bila kusukumwa.

Maria Sibylla Merian, mchoraji na mchunguzi wa wadudu aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647, alianza kufuga viwavi wa hariri akiwa na miaka 13. Akaendelea na viwavi wengine, akichora kila hatua ya maisha yao pamoja na mmea wanaoula. Enzi hizo wengi, wasomi wakiwemo, waliamini kwamba wadudu huzuka tu kutoka kwenye matope na uozo. Ni kweli alikulia katika nyumba ya wachoraji, na si kila mtoto ana bahati hiyo. Lakini kutazama kiumbe yuleyule siku baada ya siku, na kuandika kilichoonekana, ni jambo ambalo mtoto yeyote anaweza kulifanya.

Hesabu nayo ipo hukohuko nje. Simamisheni wima kijiti cha mita 1, mpime kivuli chake, kisha mpime kivuli cha mti ulio karibu, muda uleule. Kivuli cha kijiti kikiwa nusu mita na cha mti mita 4, mti una urefu wa mita 8. Mtoto aliyekuwa akilalamikia uwiano kwenye karatasi ataanza kupima kila kinachosimama. Kijiti kibaki hapohapo, na ncha ya kivuli iwekewe kijiwe kila baada ya muda mfupi. Ataona kwamba mara nyingi kivuli kifupi kuliko vyote hakiangukii saa sita kamili kwa saa ya ukutani, na hapo mazungumzo juu ya jua na saa za nchi mbalimbali yatafunguka yenyewe.

Kazi ngumu zaidi ni ya mzazi: kunyamaza. Tukiona msafara wa sisimizi tunakimbilia kueleza habari za harufu wanayoiacha njiani. Tusieleze kwanza. Mtoto apitishe kidole kukata ile njia, halafu achuchumae atazame. Wa mbele wanasimama, wanapepesa vipapasio, wengine wanarudi nyuma, mpaka mmoja anathubutu kuvuka na wenzake wanafuata. Akishajiuliza wamepotezwa na nini, maelezo ya harufu yatakaa kichwani. Yakitangulia, yanapita tu.

Daftari liwepo, ila lisigeuzwe mtihani. Tarehe, saa, hali ya hewa, mchoro: yatosha. Sijali mchoro ukiwa umepinda. Anayechora buibui aliye mbele yake hulazimika kuhesabu miguu, akapata 8, na akirudi kwa sisimizi akapata 6, tayari ameanza kuainisha viumbe. Kumsahihishia tahajia palepale nadhani ni kumfukuza. Siku akisema hakuna jipya, aandike hivyohivyo. Siku nyingi za ukame zisizo na jipya zitamsaidia kuona tofauti mvua ikinyesha.

Wenzangu huniuliza, je, mtoto hatabaki nyuma? Kwa anayesoma bado kwa kusitasita, jibu langu ni kwamba kitabu kisiachwe hata siku moja, kwa kuwa kusoma hakufundishwi na majani. Lakini kinaweza kusomwa chini ya mti. Wasio na ua hawajakosa kitu: chungu cha maua dirishani au mti wa kando ya njia unatosha kabisa.

Nendeni asubuhi au jioni, si jua la utosini, mkiwa na maji na kofia. Viwavi wenye manyoya wasishikwe kwa mkono, na tunda msilolijua lisionjwe. Jiwe likiinuliwa, lirudishwe taratibu kama lilivyokuwa, maana chini yake kuna wenyewe.