Apsara si hurulaini

Mwandishi, makala ni nzuri, ila umenikwaza ulipowaita apsara, wale wanawake wa mawe waliochongwa hekaluni Belur, kule Karnataka, kusini mwa India, "mahurulaini wa Kihindu". Hurulaini ni ahadi ya peponi. Apsara ni mcheza ngoma wa baraza la Indra, mfalme wa miungu wa Kihindu, na pengine hutumwa kufanya uchokozi: apsara Menaka alipelekwa kumvuruga mtawa Vishwamitra katikati ya ibada yake, akafaulu, wakamzaa Shakuntala.

Halafu hawa wa hekalu la Chennakeshava (mwaka 1117, enzi ya mfalme Vishnuvardhana wa nasaba ya Hoysala) wenyewe huitwa madanika, na ukiwatazama vizuri wengi wana mambo ya duniani kabisa. Mmoja anajikagua kwenye kioo. Mwingine anavutwa nguo na tumbili, naye kainua kijiti amchape! Wamekaa juu ya nguzo, chini ya upenu, wameinamia mbele kidogo kama wanaochungulia nani anapita.

Jiwe lenyewe ni jiwe la sabuni. Likitoka machimboni ni laini, likipigwa na hewa linakuwa gumu, ndiyo maana fundi aliweza kuchonga mkufu shanga kwa shanga. Na mafundi hawakujificha: Dasoja wa Balligavi na mwanawe Chavana waliacha majina yao pale pale. Hao hukuwataja hata kwa mstari mmoja.

Mwisho, picha mliyoweka juu, ya mwanamke mwenye taji la ncha tatu, ni ya Angkor Wat, Kambodia. Ibadilisheni tafadhali.