Wao miaka miwili, sisi mkupuo

Machi 2023 takataka zilirundikana Paris hadi tukawa tunatembea katikati ya barabara. Wazoa taka waligoma, madereva wa treni nao wakagoma, kisa serikali ya Macron kutaka kupandisha umri wa kustaafu kutoka 62 hadi 64. Ilipoona kura bungeni huenda zisitoshe, ikatumia kifungu cha 49.3 cha katiba na sheria ikapita bila kupigiwa kura. Jirani yangu, mzee wa Kifaransa, alifura kama mtu aliyeibiwa ng'ombe.

Jioni nikampigia mama mdogo, muuguzi huko Dodoma, aliyekuwa amebakiza miezi astaafu. Alicheka. "Miaka miwili tu ndiyo wanachomea mapipa? Waje huku wakutane na kikokotoo."

Kikokotoo ni hesabu ya kugawa mafao ya mstaafu: kiasi gani apewe kwa mkupuo, yaani mara moja anapostaafu, na kiasi gani kila mwezi. Waliokuwa kwenye mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, PSPF na LAPF, walizoea kupata nusu ya mafao kwa mkupuo. Mifuko ilipounganishwa 2018, kanuni mpya ikasema 25%. Watumishi wakapiga kelele, Rais Magufuli akaisitisha Desemba hiyohiyo. Julai 2022 ikaja 33% kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ikarudisha kidogo: 40% kwa wale wa nusu, 35% kwa wengine. Yote hayo yalijadiliwa bungeni, kilomita chache tu kutoka kiwanja cha mama mdogo.

Kwenye pensheni ya serikali Mfaransa hana mkupuo, analipwa kila mwezi hadi afe. Wapo Watanzania wenzangu huku wanaosema tuige, eti mzee akishika hela nyingi anaongeza mke. (Mama mdogo naye ataongeza nini?) Sikubaliani nao. Jirani yangu amepanga nyumba ya manispaa kwa kodi nafuu, na matibabu yake sehemu kubwa yanalipwa na bima. Mama mdogo ana kiwanja Nkuhungu, hapo Dodoma, kuta zimefika kwenye lenta, na bati hazinunuliwi kwa hela ya mwezi inayoishia kwenye unga na nauli.

Ninachowaonea wivu Wafaransa ni kwamba hata sheria ile waliyoichukia ilipanga kuongeza umri miezi mitatu mitatu, kwa kufuata mwaka wa kuzaliwa, kila mtu akijua zamu yake. Mama mdogo aliajiriwa kwa hesabu ya nusu, akachimba msingi kwa hesabu ya nusu, saruji akakopa kwa hesabu hiyohiyo. Theluthi ikamkuta kwenye lenta.

Bati za upande wa mbele nimetuma mimi. Za nyuma bado.